Mkuki wa Milimita 27: Namna ya Kutafuta na Kujitengenezea Silaha za Vijisanamu vya Vita

Nina vijisanamu arobaini vya Wahehe mezani, na nilipoanza, wengi wao walikuwa na mikono mitupu. Niliwaunda kutokana na sanduku la Wazulu wa plastiki, kwa hiyo silaha zilizokuja nao zilikuwa za Kizulu, pamoja na zile ngao zenye kishungi cha manyoya juu. Mimi nilitaka Lugalo. Nilitaka asubuhi ya Agosti 17, 1891, jeshi la Mkwawa lilipotoka vichakani na kuisambaratisha safari ya kivita ya Mjerumani Emil von Zelewski, mashariki ya mji huu wa Iringa. Zelewski mwenyewe alifia pale. Vita hivyo huwezi kuvichezesha kwa silaha za watu wengine, maana mchezaji akisimama umbali wa mkono mmoja kutoka mezani, uso wa kijisanamu hauoni. Anachokiona ni mkuki na ngao.

Mwongozo huu ni kwa mtu wa Iringa, Mbeya, Njombe au Songea anayecheza mchezo wa vita wa mezani na anataka silaha sahihi bila kusubiri kifurushi kutoka Uingereza. Kila ninachokieleza nimekifanya kwa vitu vinavyopatikana Mashine Tatu hapa Iringa, au Mwanjelwa kule Mbeya.

Pima kwanza, ndipo ukate

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kukata kwa kukadiria. Tafuta urefu wa silaha halisi kwa milimita, kisha ugawanye kwa skeli yako, yaani mara ngapi kijisanamu ni kidogo kuliko kitu halisi (1:56 ni mara 56). Vijisanamu vinavyouzwa kama vya milimita 28 hukaribiana na skeli ya 1:56, na vile vidogo vya plastiki laini mara nyingi ni 1:72.

Chukua bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo Wajerumani walikuja nayo nchini. Urefu wake ni milimita 1,345. Gawanya kwa 56, unapata milimita 24. Gawanya kwa 72, unapata milimita 18.7. Mkuki wa mita moja na nusu unakuwa milimita 27 kwa 1:56, na 21 kwa 1:72. Ngao ya mita 1.2 inakuwa milimita 21 na ushee. Bombomu la Maxim lenye urefu wa mita 1.08, bila miguu yake, ni milimita 19.

Andika namba hizi kwenye kipande cha boksi na ukiweke mezani muda wote wa kazi. Mimi huchora mistari yenye urefu kamili, nikalaza kila kipande juu ya mstari wake kabla ya kukigundisha.

Unene una sheria nyingine. Mpini wa mkuki wenye unene wa sentimita mbili na nusu ungekuwa chini ya nusu milimita, na ukiutengeneza hivyo utapinda siku ya kwanza. Hapo ongeza: milimita 0.8 inapendeza jicho na inahimili vidole. Urefu usiuguse. Jicho husamehe mkuki mnene, lakini mkuki mrefu kupita kiasi humfanya askari aonekane mtoto aliyebeba mti wa kuangulia maembe.

Kama unaweza, nenda ukaone vitu vyenyewe. Makumbusho ya Kalenga ni safari fupi kutoka Iringa mjini, na humo, pamoja na fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, kuna mikuki, ngao na marungu. Jumba la makumbusho la Boma hapa mjini nalo linafaa. Simama mbele ya mkuki na ujiulize maswali ya fundi: bapa, yaani chuma cha mbele chenye makali, ni sehemu gani ya urefu wote? Pana kuliko vidole viwili au vitatu? Limeingiaje kwenye mpini? Chora kwa kalamu ya risasi. Mchoro wako mbaya una faida kuliko picha nzuri ya mtandaoni, kwa kuwa ulipouchora ulilazimika kuangalia.

Vitu vinapopatikana

Anza na kabati lako. Sanduku lolote la vijisanamu vya plastiki huja na silaha za ziada ambazo hukuzitumia, na fremu yenyewe, ule mti wa plastiki vipande vinakoning'inia, usiitupe. Ni polistarini safi, aina ya plastiki inayolegea kwa joto. Ukikishika kipande chake juu ya mshumaa bila kukigusisha na moto, ukawa unakizungusha mpaka kilegee, kisha ukakitoa na kukivuta polepole kwa mikono miwili, unapata uzi wa plastiki wa unene unaoutaka. Ukivuta haraka unakuwa mwembamba, ukivuta taratibu unakuwa mnene. Usiache iungue.

Ukiagiza vipuri kutoka nje, zipo silaha tupu zinazouzwa kwa fremu au kwa kipande. Hesabu nauli na kodi kabla hujalipa, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani yake. Na mwombe muuzaji aandike kwenye karatasi ya forodha ukweli ulio kamili: kwamba ni vipande vidogo vya plastiki vya mchezo wa mezani. Kifurushi changu kimoja kilikaa wiki kadhaa kwa sababu muuzaji aliandika tu kwamba ndani kuna bunduki ishirini. Tangu hapo nasema jambo hilo kabla ya kulipa.

Lakini hazina kubwa iko mtaani. Mafundi wanaosuka upya koili za mota na pampu wana waya wa shaba wa kila unene, kuanzia ule mwembamba kama unywele hadi milimita moja na zaidi. Masalia wanayoyafagia yanatosha jeshi zima. Waya huo umepakwa vanishi, kwa hiyo ukwangue kwa msasa kabla ya gundi au rangi, la sivyo havitashika. Kebo ya intaneti ya kompyuta ina nyuzi nane ngumu za shaba, kila moja kama nusu milimita, na hiyo ndiyo mitutu yangu ya bunduki.

Mawakala wa laini za simu wanatupa kila siku kadi ambazo laini imeshabanduliwa. Okota hizo. Kadi ya namna hiyo, sawa na ya benki, ina unene wa milimita 0.76. Zidisha kwa 56: ni kama sentimita 4.3, yaani unene wa mbao za bunduki halisi. Sijaona plastiki ya dukani inayoikaribia kwa kazi hii. Angalizo moja la lazima: nyingi ya kadi hizo ni PVC, na PVC ikiungua hutoa gesi inayochoma mapafu. Ikate, ikwangue, isugue, lakini usiipeleke karibu na moto kamwe.

Kopo la soda linakupa bati la alumini la takriban milimita 0.1. Kifuko cha vidonge kina karatasi laini ya alumini kwa ajili ya mikanda na vikuku. Kikombe cha mtindi kichunguze chini: chenye namba 6 ndani ya pembetatu ni polistarini na kinashika gundi ya plastiki, chenye namba 5 ni cha jamii nyingine na hata supaglu hukibandukia. Mianzi sina haja ya kueleza. Nchi inayokunywa ulanzi haiwezi kukosa mwanzi.

Vifaa: kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, plaizi yenye mdomo mwembamba, tupa ndogo, msasa wa namba 400 na 800, supaglu, puti ya epoksi ya kuchanganya sehemu mbili, na biti za milimita 0.5 hadi 1 pamoja na kishikio chake cha kuzungusha kwa vidole. Hizo biti ndizo pekee zilizonisumbua kupata. Ulizia kwa mafundi wa redio na simu, maana wao hutobolea mabamba ya saketi.

Mkuki

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa jeshi la Wahehe ni mikuki.

Chukua waya wa shaba wa milimita 0.8, urefu wa nusu mita hivi. Banisha ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa plaizi, vuta kwa nguvu mpaka uhisi waya umekubali na kurefuka kidogo. Ukiuachia utakuta umenyooka kama kamba ya gitaa, na umekuwa mgumu kuliko mwanzo. Hii ni tabia ya shaba: ukiinyoosha au kuigonga hukakamaa. Kata vipande vya milimita 30, vyote kwa pamoja; ziada utaipunguza mwishoni ubaki na 27.

Sasa bapa. Laza milimita sita za ncha juu ya chuma bapa. Kipande cha reli au kichwa cha nyundo kubwa kinafaa kuwa fuawe. Gonga kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi, ukigeuza upande kila baada ya mapigo matatu. Waya utatandazika uwe kama jani. Ukiona ufa pembeni, shaba imekakamaa kupita kiasi: ipashe moto mpaka iwe nyekundu hafifu, iache ipoe, kisha endelea. Kupasha moto fanyia nje, vanishi ina moshi mbaya.

Bapa likishatandazika, lichonge kwa tupa lipate umbo uliloliona Kalenga. Kwa mkuki wenye bapa la sentimita 30, hapa ni milimita 5.4. Acha mstari mwembamba wa katikati bila kuusugua sana, rangi itaukamata. Ncha kabisa ifanye butu kidogo. Wenzangu wamechomwa vidole mezani, na mtoto akija kutazama mchezo sitaki ajeruhiwe.

Pale bapa linapokutana na mpini, zungusha mara nne au tano uzi mwembamba kabisa wa shaba na utie tone la supaglu kwa ncha ya sindano. Kazi ya dakika moja inayobadilisha waya kuwa silaha.

Njia ya pili ni ya mwanzi, na kwa vijisanamu vya kuwekwa kabatini naipenda zaidi. Pasua mwanzi mkavu, au kijiti cha mishikaki, upate vijisehemu vyembamba. Toboa mfuniko wa kopo la chuma matundu matatu: milimita 2, 1.5 na 1. Pitisha kijiti kwenye tundu kubwa ukivuta kwa plaizi, halafu la kati, halafu dogo. Kila tundu linakwangua pande zote, na mwisho unapata mpini wa duara wenye nyuzi za mti wa kweli. Pasua ncha kwa wembe, ingiza bapa lililokatwa kwenye kopo la soda, gundisha.

Kwa mchezo, hata hivyo, chukua shaba. Shaba ikipinda unainyoosha. Mwanzi ukivunjika katikati ya pambano umemaliza.

Ngao

Ngao ni rahisi na inakwenda haraka. Kata kiolezo cha boksi, kifuate kwa msumari juu ya bati la kopo, kata kwa mkasi wa zamani. Kopo lina makali, kwa hiyo sugua kingo mara moja. Laza bati juu ya soli ya sandali na ulisugue kwa mgongo wa kijiko mpaka lipate tumbo dogo, kama ngozi ya ng'ombe iliyokaukia juani. Kijiti cha katikati kitoke kwenye mwanzi uliobaki, na mahali pa kushika paweke kipande cha puti. Kopo lina rangi na utando juu yake: usipoukwangua kwa msasa, rangi yako itabanduka kama ganda.

Bunduki ya Mauser

Kwa nini Mhehe abebe Mauser? Kwa sababu Lugalo ilimpatia. Bunduki zipatazo 300 ziliingia mikononi mwa Wahehe siku ile, na Wajerumani walipoivamia ngome ya Kalenga Oktoba 30, 1894, baadhi ya silaha zilizowaelekea zilikuwa za kwao. Kwa hiyo ukichezesha 1891, wape Wahehe mikuki na magobori machache. Ukichezesha 1894, ongeza Mauser.

Kata ukanda wa kadi ya laini wenye urefu wa milimita 24 na upana wa milimita 4. Chora kwa msumari umbo la ubavuni: kitako kinachoteremka, shingo nyembamba ya kushika, kisha mbao inayokwenda mbele karibu mpaka mdomoni. Kata kwa wembe kwa kukwaruza mara nyingi bila kukandamiza, kisha ivunje kwenye mkwaruzo. Zungusha kingo kwa msasa namba 400. Mbao za bunduki hazina kona kali, na kadi ikiachwa na kona zake inabaki kuwa kadi.

Juu ya mbao, kwaruza mfereji kwa ncha ya kisu uliyoigeuza, mara kumi au kumi na tano. Laza humo waya wa nusu milimita wa kebo ya intaneti na uuache utokeze mbele kidogo. Gundisha kwa supaglu kidogo sana. Kipande kifupi cha waya nyuma ya mtutu ndicho bolti, kile chuma kinachovutwa ili kupakia risasi. Mpini wa bolti ya Mauser hii umenyooka kuelekea kulia, haukupindwa chini kama wa bunduki nyingi za baadaye. Toboa tundu la 0.5 upande wa kulia, ingiza uzi wa shaba, kata ubaki milimita moja. Mtu anayejua bunduki ataitambua kwa kijiti hicho tu.

Kinga ya kifyatulio ni uzi mwembamba uliokunjwa kuzunguka sindano. Vikuku vinavyoshika mtutu ni vipande vya karatasi ya alumini ya vidonge, upana nusu milimita, vimezungushwa na kugundishwa chini pasipoonekana. Mkanda wa kubebea ni karatasi hiyohiyo, mikunjo miwili.

Ya kwanza itakuchukua jioni nzima. Ya tano, dakika arobaini. Usifanye moja moja: kata mbao kumi leo, mifereji kumi kesho. Gobori linafuata njia hiyohiyo, mtutu ukiwa mrefu zaidi na bila bolti, ila nyundo ndogo ya kufyatulia upande wa kulia, ambayo nachonga kwenye tone la puti.

Kutoa nakala

Ngao na vitu bapa unaweza kuvitolea nakala. Paka ngao yako nzuri kuliko zote mafuta ya mgando, utando mwembamba, ikandamize kwenye donge la puti ya epoksi, iache igande, kisha ichomoe. Kwenye shimo hilo lililopakwa mafuta tena, kandamiza puti mpya. Toa hiyo ikiwa imegandia nusu, ikiwa bado inapinda kama ngozi ya kiatu. Mikuki na bunduki za pande mbili njia hii haifai, utapoteza puti bure. Na nakala uzitoe za kazi yako mwenyewe: kipande alichochonga msanii mwingine akakiuza, mwachie auze.

Nyanda zetu zina jambo lake. Juni na Julai, Makete na Njombe kukiwa na umande wa barafu, puti inayoganda kwa saa chache kule joto lilipo hukaa mpaka kesho yake. Usiihesabu imeharibika. Iweke kwenye bati, umbali wa mkono mmoja kutoka jiko la mkaa lililokwisha kupikiwa. Supaglu nayo hutaka unyevu wa hewa ili ishike, kwa hiyo katika kiangazi kikavu pumulia kiungo kidogo kabla ya kubana. Gusa puti mbichi kwa glavu au vidole vilivyolowa, na vumbi lake likishaganda lisugue ukiwa na maji.

Kuweka silaha mkononi

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Kwanza ondoa silaha ya zamani: kata juu ya ngumi, kata chini ya ngumi, safisha mabaki. Weka alama kwa ncha ya sindano katikati ya ngumi ili biti isiteleze. Toboa kutoka juu mpaka nusu, geuza, toboa kutoka chini mpaka matundu yakutane. Ukitoboa kwa mkupuo kutoka upande mmoja, biti itatokea kwenye kifundo cha mkono. Anza na biti ya 0.5, upanue kwa 0.8. Zungusha polepole, plastiki ikipata joto huikamata biti.

Pitisha mkuki bila gundi kwanza. Mtazame askari kutoka mbele na ubavuni: macho yake na ncha ya mkuki vielekee mahali pamoja. Arushaye ana mkono nyuma ya sikio na mkuki umelala. Achomaye ana mkuki chini ya kwapa. Ukiridhika, tone moja la supaglu chini ya ngumi.

Bunduki haipiti ndani ya ngumi, kwa hiyo fungua kiganja kwa kisu, laza shingo ya bunduki, na jenga vidole upya kwa nyuzi nne ndogo za puti. Zikandamize kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa. Mkono wa pili usipofikia bunduki, kata kwenye kiwiko, geuza, ungia waya wa nusu milimita ndani kama mfupa, ziba kwa puti.

Rangi, na safari

Osha kila kitu kwa maji ya sabuni ya vyombo kwa mswaki laini, kausha usiku kucha. Rangi ya kwanza ya kupuliza, ya kijivu, inapatikana maduka ya spea za magari. Puliza ukiwa nje, umbali wa sentimita 25 hivi, tabaka mbili nyepesi. Mpini kahawia, bapa la chuma kijivu cha giza, na kwenye ukingo tu mstari wa fedha. Ngao ya ng'ombe anza na nyeupe ya maziwa, mabaka ya kahawia na nyeusi yafuate, kingo zake ukizichezesha kwa brashi kavu ili zifanane na manyoya.

Kwa safari ya basi kutoka Iringa mpaka Mbeya mimi hutumia trei za mayai, mbili zikiwa zimefunikana, kila askari kwenye tundu lake na kipande cha sponji shingoni. Mikuki iangalie juu katikati ya trei, na kifurushi nakipakata mapajani, sikiweki kwenye buti.